Ndimi za Shaba, Nyaya na Kanda: Sauti Ndefu ya Vinanda vya Nakuru

Ingia katika duka lolote la vyombo vya muziki mjini Nakuru, uwashe kinanda cha bei ya kawaida, kisha utafute sauti nambari 90. Kinanda kikiwa kinafuata orodha ya kimataifa iliyokubaliwa mwaka 1991, utasikia sauti ndefu, laini, inayoingia taratibu na kukawia kuondoka. Walioiandika orodha hiyo waliiita pedi ya joto. Sisi tunaopiga vinanda makanisani tunaiita pedi, basi, na ibada haiendi bila hiyo. Mhubiri akishusha sauti aombe, ngoma hunyamaza, gitaa hunyamaza, na pedi peke yake hubaki imewabeba watu.

Nimeipiga sauti hiyo tangu ujana wangu, kwanza Elburgon, baadaye Njoro, na sasa Nakuru mjini, ambako kazi yangu ni kurekodi kwaya na kuhamisha kanda za zamani ziingie kwenye kompyuta. Wanaonijia huwa na ombi linalofanana. Huweka kanda mezani, wakaisikiliza pamoja nami, kisha husema, "Mwalimu, tunataka kinanda kilie hivi." Tukijaribu nambari 90, wanatikisa kichwa. Nami nakubaliana nao. Kilichomo kwenye orodha ya 1991 ni picha ya picha, na wao wanamtafuta mtu mwenyewe.

Vijana wengi wa studio huamini kwamba mtu mwenyewe ni mashine fulani ya Kimarekani au ya Kijapani, na kwamba asiye na fedha za kuinunua ameikosa sauti. Mimi nasema historia ya eneo letu inatufundisha jambo jingine. Masikio ya watu wa Bonde la Ufa yaliizoea sauti hii kabla umeme haujafika kanisani, na anayetaka kuiunda upya leo ataipata upesi zaidi akijua ilipita njia gani.

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na mwaka 1904 mahali hapo pakatangazwa kuwa mji. Wahindi walioifuata reli walifungua maduka, na Wahindi wana harmoniamu. Chombo hicho kilibuniwa Ufaransa; Alexandre Debain alikipatia hataza mjini Paris miaka ya 1840. Kile cha Ulaya kilikanyagwa kwa miguu, lakini mafundi wa Calcutta wakakifupisha kiwe sanduku la kuwekwa sakafuni, mkono mmoja ukivuta mivukuto na mwingine ukibonyeza vibao. Ukipita karibu na gurdwara ya Wasikh wakati wa ibada, ndicho unachokisikia chini ya uimbaji. Pwani nako kiliingia katika taarabu, kikaungana na udi na fidla. Wamishonari kwa upande wao walileta kile cha kukanyaga. African Inland Mission walijenga kituo chao Kijabe, kwenye ukingo wa Bonde, mwaka 1903, na tenzi za Kizungu zilizotafsiriwa zikapata chombo cha kuzishikilia.

Ndani ya harmoniamu mna ndimi za shaba. Upepo ukipita, ulimi unatetemeka na kulia. Mpigaji hawezi kuugonga ulimi kwa nguvu kama anavyogonga ngoma. Lazima aujaze upepo, na sauti inapanda kadiri upepo unavyojaa. Akiachia kibao, upepo uliobaki unamalizia. Huko ndiko tulikojifunza kupenda sauti isiyokuwa na kishindo mwanzoni. Katika kanisa nililokulia Elburgon, harmoniamu yetu ilikuwa na kitasa kilichofungulia safu ya pili ya ndimi. Mama aliyekuwa akiipiga alikivuta kitasa hicho kwenye ubeti wa mwisho tu. Ndimi za safu ya pili hazikulingana kabisa na za kwanza, na kanisa zima lilijaa mtetemo wa polepole ambao sisi watoto tuliusikia kwenye mbao za viti.

Mtetemo huo una hesabu yake, na ndio moyo wa makala haya. Chukua ulimi mmoja unaotetemeka mara 440 kwa sekunde. Weka kando yake mwingine unaotetemeka mara 443. Sikio halitasikia noti mbili. Litasikia noti moja inayovimba na kunywea mara 3 kila sekunde, kwa sababu mawimbi ya ndimi hizo huenda pamoja, yakapishana, yakarudi kwenda pamoja. Zikilingana barabara, sauti hukaa tuli mahali pake. Zikiachana mno, inakuwa kelele ya chombo kibovu. Kati ya hapo na hapo pana nafasi nyembamba ambamo sauti huwa hai.

Mafundi wa kodiani waliijua nafasi hiyo vizuri. Kodiani ilipewa hataza Vienna mwaka 1829, na viwanda vya Ujerumani, Hohner kikiwamo, vikazisambaza dunia nzima. Kodiani nyingi huwa na ndimi mbili au tatu kwa kila noti, nazo hutengwa kidogo kwa makusudi. Ndizo zilizoingia katika mashamba ya walowezi. Baada ya Sheria ya Wafanyakazi Wenyeji ya mwaka 1918 kuimarisha mtindo wa maskwota, familia nyingi za Wakikuyu zilikuwa zikiishi na kufanya kazi Njoro, Molo, Elburgon, Subukia na Solai. Miaka ya 1940 ukaenea mwomboko, dansi ya wawili wawili iliyochota hatua zake kutoka kwenye dansi za Wazungu na kuzifanya za Kikuyu. Vyombo vyake ni viwili tu: kodiani na karing'aring'a, pete ya chuma inayogongwa kwa kijiti. Chuma kinahesabu hatua, kodiani inabeba kila kitu kingine. Wazee walionisimulia habari za usiku wa mwomboko mashambani hawakusifu kasi ya vidole vya mpigaji. Walisifu jinsi alivyovuta mivukuto bila kuikata pumzi wachezaji walipogeuka.

Hali ya Hatari ya Oktoba 1952 iliyavunja makazi hayo. Maelfu ya Wakikuyu waliondolewa katika mashamba ya Bonde la Ufa na kurudishwa kwenye hifadhi, na mikusanyiko ya usiku ikawa jambo la kumpeleka mtu kizuizini. Lakini kodiani yenyewe haikufa. Mwomboko ulirudi baada ya uhuru, ukachezwa kwenye sherehe za kitaifa. Baadaye Faustin Munishi, mwimbaji wa Injili kutoka Tanzania aliyeishi Kenya miaka mingi, alisimama mbele ya umati akiwa na kodiani kifuani, na watu wa Nakuru wakakipokea chombo wanachokijua.

Upande wa magharibi wa Bonde sauti ndefu ilitoka kooni. Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, na mashine yake ya kurekodi. Wasichana walimwimbia wimbo wa Chemirocha, ambao jina lake lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyejulikana huko kwa santuri. Chini yao kinalia chepkong, kinubi cha Wakipsigis. Sikiliza sauti za wale wasichana: hawaimbi kwa ulinganifu wa shule. Kila mmoja yuko karibu sana na mwenzake, na ule ukaribu ndio unaojaza chumba. Nakala za rekodi hizo ziliwekwa katika maktaba ya muziki ambayo Tracey aliianzisha Afrika Kusini, na katika miaka ya 2010 maktaba hiyo, ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, ilizirudisha kwa jamii zilizoziimba. Kericho, kwa Chandarana, lilikuwapo duka la santuri lenye studio yake, ambapo wanamuziki wa Bonde na wa upande wa ziwa walirekodi bila kulazimika kwenda Nairobi. Kwa hiyo tusiseme kwamba eneo letu lilikuwa likisubiri kuletewa sauti. Lilikuwa likirekodi za kwake.

Ndipo ikaja mitambo ya nyaya. Robert Moog wa New York alitoa Minimoog mwaka 1970. Badala ya ulimi wa shaba, ndani mna saketi inayotetemesha umeme. Wataalamu wanaiita osileta. Minimoog ilikuwa na osileta tatu, zote zikitumikia noti moja. Saketi zile zilisumbuliwa na joto: chumba kikipata moto, osileta ilihama kidogo kutoka mahali pake, kila moja kwa kiasi chake. Wahandisi waliona hilo ni kasoro ya kurekebishwa. Wapigaji wakasikia kitu walichokijua kutoka kwenye ndimi mbili zisizolingana.

Mwaka 1974 kampuni ya Eminent ya Uholanzi ilitoa Solina, kinanda cha kuiga kundi la fidla. Mwaka 1978 Dave Smith wa California akatoa Prophet-5, iliyoweza kulia noti tano kwa pamoja, kila noti ikiwa na osileta mbili, na pedi kama tunavyoijua ikazaliwa: osileta mbili zilizotengana kidogo, chujio la kukata ukali wa juu, na sauti iliyopewa muda wa kuingia na kutoka. Mwaka 1982 Roland wa Japan wakaleta Juno-60. Hii ina noti sita, lakini kila noti ina osileta moja tu, tena iliyotulia kwa sababu inapimwa na saa ya kidijitali. Joto lake linatoka wapi basi? Linatoka kwenye saketi ya mwisho kabla ya spika. Sauti inagawanywa, sehemu moja inapita moja kwa moja, nyingine inacheleweshwa kwa sehemu ndogo ya sekunde, na ule ucheleweshaji unapanda na kushuka polepole. Kazi hiyo inafanywa na kidude kilichobuniwa katika maabara ya Philips mwishoni mwa miaka ya 1960. Humo chaji za umeme hupokezanwa hatua kwa hatua, kama wanakijiji walivyopanga mstari kutoka mtoni wakipokezana ndoo kuzima moto. Baadhi ya maji humwagika njiani, na sauti inayofika mwisho imepoteza makali. Solina nayo iliutumia mtindo huo, ikiuchana mlio mmoja katika njia tatu.

Mwaka 1983 Yamaha wakatoa DX7, ya kidijitali, iliyojengwa juu ya utafiti wa John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford. Iliuzwa Marekani kwa dola 1,995 na ikapindua soko. Kengele zake zilikuwa safi, piano yake ya umeme ilisikika katika nyimbo za nchi zote. Mashine za analogi zikaanza kuuzwa kwa bei ya kutupa huko ng'ambo.

Kenya ya wakati huo haikuwa nchi ya kuagiza dola 1,995 kirahisi. Bidhaa kutoka nje zilihitaji leseni, na fedha za kigeni zilitolewa kwa mgao. Bendi za hoteli za pwani ndizo zilizokuwa mbele yetu. Mombasa Roots walichukua chakacha, ngoma ya wanawake wa Kiswahili, wakaipigia vinanda vya umeme, na kanda zao zilipanda na mabasi hadi huku juu. Kwetu Nakuru sintesaiza, kinanda cha kuunda sauti kwa umeme, ilikuwa kitu cha kuazimwa. Mtu alirudi na mojawapo kutoka masomoni, mmishonari aliacha moja alipohama, bendi iliyovunjika iliuza yake kwa kanisa. Kijabe ilikuwapo studio ya Biblia Husema, iliyotengeneza vipindi vya redio vya Kiswahili, na kwaya iliyobahatika kurekodiwa vizuri iliringa miaka mitatu. Kutoka Tanzania zilitufikia kanda za kwaya ya Barabara ya 13 ya Ulyankulu, Tabora. Tulizichezesha hadi maandishi yakafutika kwenye plastiki.

Kanda ninayoletewa mara nyingi ni ya kipindi hicho, mwishoni mwa miaka ya 1980. Kwaya ya watu thelathini hivi ndani ya ukumbi wa bati, vipaza sauti viwili vimening'inizwa kwenye boriti, Juno ya kuazima imeunganishwa kwenye spika ya gitaa, na redio kaseti inarekodi. Jioni stima ilipungua nguvu na spika ikakoroma kidogo. Utepe wa kaseti hutembea sentimita 4.76 kwa sekunde, mwendo mdogo sana, na mota ikiyumba hata kidogo, noti nzima huyumba nayo. Utepe huo pia hauwezi kushika milio ya juu kabisa. Kwa hiyo sauti anayoikumbuka mama wa kwaya ni Juno, pamoja na spika iliyochoka, pamoja na bati, pamoja na utepe, pamoja na kwaya iliyokuwa ikihema ndani ya vipaza sauti vile vile.

Mwaka 1993 serikali ilipoondoa leseni za uagizaji na kulegeza masharti ya fedha za kigeni, vinanda vipya vilimiminika, vingi kupitia Dubai. Vilikuwa vyepesi, vina midundo iliyopangwa tayari, na vilipunguza gharama za kwaya ndogo za Kaptembwo, Bondeni na Langalanga. Siwezi kuvilaani, mimi mwenyewe nimelea familia kwa vinanda hivyo. Kanisa la mabati lisilo na mpiga ngoma liliweza kuanza kuabudu Jumapili ileile liliponunua kinanda. Lakini sauti zake zilikuwa rekodi fupi za mashine nyingine, zilizozungushwa zisiishe. Kila unapobonyeza, wimbi ni lile lile, na mtetemo huanzia mahali pale pale. Hapo ndipo sikio la watu wetu, lililolelewa na ndimi za shaba, lilipoanza kulalamika.

Sasa nieleze ninavyoirudisha. Natumia kompyuta na programu za kuunda sauti, na ziko za bure zilizo nzuri kabisa, Surge ikiwamo. Naanza na osileta mbili zenye wimbi la msumeno. Nafasi kati ya noti mbili zinazofuatana kwenye kinanda hugawanywa senti 100. Naipandisha osileta moja senti 4 na kuishusha nyingine senti 4. Kisha nazipa ruhusa zihame kidogo zenyewe, kila moja kwa mwendo wake, ili noti isirudie kamwe sura iliyokuwa nayo dakika iliyopita. Nafunga chujio mpaka ukali utoweke, nalifungua kidogo tu sauti inapoingia. Noti naipa karibu sekunde nzima ya kupanda, na sekunde mbili za kuondoka. Naongeza ucheleweshaji wa kupanda na kushuka, ule wa ndoo. Baada ya hapo naitoa sauti nje ya kompyuta, naipitisha kwenye spika ya kawaida ndani ya chumba, nairekodi kwenye kaseti, na kuirudisha.

Vijana wengi huishia hapo, na mara nyingi kazi yao ni nzuri. Mimi huongeza hatua moja ambayo kompyuta hainipi. Nawaita waimbaji watatu wasimame karibu, wavume noti ya kati huku midomo imefungwa, bila kujilazimisha kulingana. Nauweka mvumo huo chini ya pedi, mdogo kiasi kwamba msikilizaji hautambui. Siku kwaya moja kutoka Molo iliposikiliza matokeo, mama mmoja alisema, "Ndicho hicho. Kinanda kilikuwa kinaimba na sisi." Alikuwa sahihi kuliko mabingwa wa mashine. Katika ile kanda ya ukumbi wa bati, kinanda na watu viliingia kwenye vipaza sauti vilevile, na hakuna awezaye kuvitenganisha.

Hilo ndilo ninalotaka wapigaji wa Nakuru walishike. Joto tunalolitafuta linatokana na sauti zinazosikilizana bila kufanana. Mama wa Elburgon alilipata kwa kitasa cha harmoniamu, mpiga mwomboko kwa mivukuto, wasichana wa Kapkatet kwa makoo yao, na Dave Smith kwa osileta. Mashine ya Prophet-5 ni heshima kwa aliyeibuni, na siku moja ningefurahi kuipiga. Lakini mtoto wa Njoro mwenye simu ya zamani na waimbaji watatu hana sababu ya kujiona maskini mbele yake, kwa kuwa kinachofanyika ndani ya mashine ile kilikwisha kufanywa na watu wa nyumbani kwake.

Kinachoniumiza ni kanda zinazooza. Ziko kwenye makabati ya makanisa kuanzia Gilgil hadi Mau Summit, zimefungiwa pamoja na mishumaa na vitabu vya sadaka. Utepe hupoteza sumaku, gundi yake hulegea, ukungu wa Molo huingia. Egerton iko Njoro, Kabarak iko jirani. Vyuo hivyo vikiamua, vinaweza kukusanya kanda hizi na kuzihifadhi kabla wazee wanaozifahamu hawajaondoka. Lakini makanisa yasingoje chuo. Tafuteni kaseti zenu wiki hii. Zirudisheni mwanzo kwa mkono, polepole, mkitumia kalamu. Msizichezeshe kwenye redio chakavu itakayozitafuna. Mpelekeeni mtu mwenye mashine safi azihamishe mara moja, na nakala zikae mahali pawili.

Kisha ketini na wazee wa kwaya, mwandike. Mwaka, mahali, nani aliimba solo, nani alitunga. Majalada ya kanda zile yanamtaja mchungaji, yanaitaja kwaya na sanduku la posta. Katika yote niliyoyahamisha, ni nadra kumkuta aliyekaa pembeni akiishikilia ile sauti ndefu mpaka ombi likaisha. Huyo naye aandikwe jina.